Mteja anataka butanedioli "ya kuosha rimu": ni kitu gani hasa, na nimuuzie?

Kaunta_RiverRoad

Habari zenu wadau. Duka letu liko upande wa River Road, Nairobi, tunauza rejareja kemikali za sabuni na vipodozi: glisirini, propilini glaikoli, soda kali, thina, manukato ya sabuni na kadhalika.

Wiki hii wamekuja watu watatu kwa nyakati tofauti wakiulizia 1,4-butanedioli, au BDO. Kila mmoja anataka lita 1 au 2, analipa papo hapo, na wote wanasema ni ya kusafishia rimu za magari. Msambazaji wetu wa Industrial Area anayo kwa pipa la kilo 200 na yuko tayari kunipunguzia bei. Faida naiona. Lakini yule wa tatu aliniomba nimtilie kwenye chupa za maji ya kunywa za nusu lita, na hapo roho ikasita.

Naomba mnieleze: hii BDO inafanya nini, kweli inaosha rimu? Kuna ubaya gani mtu akiinywa? Na nikiamua kuleta pipa, nitamjuaje mteja wa kweli?

MkemiaWaRangi

Roho yako imeona sawa, usiipuuze.

Hiyo ya rimu ni kisingizio cha miaka mingi. Ulaya ndicho kilichotumika kuuzia GBL, ndugu wa karibu wa BDO, kwa watu waliokuwa wakienda kuinywa. Uchafu wa rimu ni vumbi la breki, chembe za chuma na kaboni zilizoshikana kwa joto. Hung'olewa kwa sabuni kali, kwa asidi, au kwa ile dawa inayogeuka zambarau ikigusa chuma. BDO haifanyi hata moja kati ya hayo. Muulize mwosha magari yeyote wa Kirinyaga Road kama amewahi kuisikia.

Kazi zake za kweli ni za viwandani. Huingia kwenye poliyurethani ngumu ya magurudumu ya toroli, roli za mashine na soli. Kwenye plastiki ya PBT ya viunganishi vya umeme. Na hutumika kutengeneza tetrahaidrofurani, ambayo mwisho wake ni nyuzi za spandeksi za nguo za kuvutika.

Ubaya wake uko hivi. Mtu akiimeza, ini huibadilisha kwa hatua mbili. Kinaanza kimeng'enya kilekile kinachovunja pombe, kinafuata kile kinachoondoa aldehaidi, na kinachotoka mwishoni ni GHB. Hiyo ni dawa ya kulevya inayolaza, inayodhibitiwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971: iliingizwa Jedwali la IV mwaka 2001, ikapandishwa Jedwali la II, lenye masharti makali zaidi, mwaka 2013. GBL ina njia fupi zaidi, vimeng'enya vya kwenye damu huifungua kuwa GHB kwa dakika chache. Kwa hiyo anayenywa BDO au GBL anakunywa GHB, tofauti ni kwamba mwili wake ndio unaomalizia kazi ya kuitengeneza.

BDO na GBL zenyewe hazimo kwenye majedwali ya mkataba huo, kwa kuwa viwanda vinazitumia kwa wingi mno. Ndiyo maana zinapita. Baadhi ya nchi zimefunga mlango zenyewe: Marekani iliiweka GBL kwenye orodha ya kemikali zinazodhibitiwa mwaka 2000, na Uingereza ilizidhibiti zote mbili mwaka 2009 zikikusudiwa kunywewa, kisha mwaka 2022 ikazipandisha daraja na kudai leseni hata kwa matumizi ya viwandani.

Jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalijui: hatari ya hizi haipandi polepole kama ngazi. Kipimo kinachomfanya mtu achangamke na kile kinachomzimisha vimekaribiana sana, na kinatofautiana kwa uzito, kwa chakula tumboni na kwa pombe aliyokunywa. Kwenye chupa isiyo na lebo, kifuniko kimoja kikizidi, mtu anazima kiasi kwamba hakohoi hata kama matapishi yanaingia kwenye mapafu.

Nesi_wa_Zamu

Niongeze upande wa mgonjwa, kwa sababu Nairobi neno "kuwekewa mchele", yaani kutiliwa dawa kwenye kinywaji, kila mtu analijua, na watu hudhani ni vidonge vya usingizi tu. GHB na hizi kemikali zinazozaa GHB ni mchele pia. Hazina rangi, na ladha yake ya chumvi au ya plastiki hufichwa kirahisi na kinywaji kitamu.

Unachokiona: ndani ya dakika 15 hadi 30 mtu anakuwa kama amelewa ghafla kuliko alichokunywa. Anayumba, anatapika, mikono na miguu inashtuka-shtuka, kisha analala usingizi ambao humwamshi. Pumzi inapungua, mapigo ya moyo yanashuka, mwili unapoa. Kinachoua ni pumzi kusimama au matapishi kuziba koo.

Cha kufanya mkiwa klabu, kwenye gari au nyumbani: mwite kwa sauti na umfinye juu ya bega. Asipoitika, mlaze ubavu, mdomo ukiinama chini kidogo, goti la juu likunjwe ili asijigeuze kifudifudi. Mtazame kifua. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya 10, au akikoroma kwa mapengo marefu, au midomo inageuka samawati, hiyo ni dharura ya sasa hivi. Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Pumzi zikisimama, anza kumpulizia na kubonyeza kifua mara moja. Usimpe maziwa, usimpe kahawa, usimtapishe kwa kidole, usimmwagie maji baridi maana tayari mwili unapoa. Na usimwache "alale itamtoka". Neno hilo limeua watu wengi kwenye makochi ya marafiki zao.

Hospitali hakuna dawa ya kuizima. Naloksoni, inayozima dawa za jamii ya afyuni, haimwamshi; flumazenili, inayozima vidonge vya usingizi vya kundi la diazepamu, haimwamshi. Naloksoni bado inaweza kujaribiwa kwa sababu hujui amechanganya na nini. Kazi yetu ni njia ya hewa, oksijeni, kupima sukari, kuangalia moyo, na kumwekea mpira wa kupumulia akihitaji. Wengi huamka ndani ya saa 6 hivi, na huamka ghafla: dakika hii hajitambui, dakika ijayo ameketi anang'oa dripu. Lazima mtu awe karibu na kitanda.

Ila kwa BDO kuna mtego wake. Kimeng'enya kinachoibadilisha ndicho hichohicho cha pombe, na pombe inapita mbele kwenye foleni. Mtu aliyekunywa bia nyingi pamoja na BDO anaweza kuonekana nafuu mwanzoni, pombe ikipungua ndipo GHB inapanda. Kwa hiyo, mkijua kilichonywewa ni BDO, mwambieni daktari hivyo kwa jina, na mje na chupa yenyewe. Huyo haruhusiwi kwenda nyumbani mapema.

Kama kuna shaka mtu aliwekewa: kile kipimo cha mkojo cha vijiti tulicho nacho hospitali nyingi hakioni GHB kabisa. Majibu yakitoka safi hayamaanishi hakuwekewa. Kwenye damu haizidi saa 8 hivi, kwenye mkojo saa 12 hivi. Mkojo wa kwanza kabisa baada ya kuamka ndio wa thamani: uingie kwenye kichupa safi, uandikwe saa na tarehe, uwekwe kwenye baridi na upelekwe kwa Mkemia wa Serikali kupitia polisi. Na kwa kuwa mwili wenyewe una GHB kidogo ya asili, maabara nyingi hutumia mstari wa miligramu 10 kwa lita ya mkojo kabla ya kusema imetoka nje. Kila saa mnayobishana kama aende hospitali au asiende, ushahidi unashuka chooni.

Soko_Huru254

Mimi naona mnamtisha bure ndugu yetu. Gundi na thina zinauzwa kila kona, vijana wa mtaani wanavuta, na hakuna aliyefunga duka. Yeye asipouza, watavuka barabara wanunue duka la pili.

MkemiaWaRangi

Gundi ya viatu ni mfano mzuri, lakini unaniunga mkono mimi. Toluini iliyo kwenye gundi na thina huharibu ala nyeupe zinazofunika nyuzi za neva za ubongo kwa anayevuta miaka, na mtu anaweza kuanguka na kufa siku ileile moyo ukipoteza mpigo wake. Gundi zenye heksani huua neva za miguu, kijana anaanza kuburuta vidole akitembea. Madhara hayo tunayaona kila siku kuanzia Ngara hadi Globe. Fundi viatu ananunua gundi anaitumia kwa viatu, hilo halina ubishi. Anayemjazia mtoto gundi kwenye chupa ya plastiki ya kuning'iniza mdomoni anajua anachouza.

Kuhusu duka la pili, angalia methanoli. Novemba 2000, pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 Nairobi, wengi wao wakazi wa Mukuru. Mei 2014 yakarudi kaunti kadhaa kwa mkupuo mmoja. Februari 2024 Kaunti ya Kirinyaga. Methanoli ya namna hiyo haizalishwi kwenye kibanda cha mgema. Kwa kawaida huondoka kwenye pipa la kiwandani, ikapita mkono mmoja, wa pili, wa tatu, na kila mkono hujiambia kwamba ukikataa, mwingine atauza.

Kaunta_RiverRoad

Asanteni sana, hasa Nesi. Wale watatu nimeamua siwauzii. Lakini swali la pipa bado lipo, kwa sababu kuna mtu wa nne: ana karakana ya kutengeneza roli na magurudumu ya poliyurethani Kariobangi Light Industries, anataka kilo 25. Huyu naona ni mtu wa kazi. Nifanyeje? Na lingine: msambazaji amenionyesha sampuli, asubuhi ilikuwa kama mafuta ya kupikia yaliyoganda, adhuhuri imekuwa maji. Hiyo imeharibika?

Poli_Karakana

Haijaharibika. BDO huganda kwenye nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Nairobi ya Julai, usiku unashuka hadi 11 au 12, kwa hiyo pipa lililokaa kwenye stoo ya mabati litaamka jeupe kama mafuta ya nazi. Na ina tabia ya kukaa maji chini ya nyuzi 20 kisha ukiligonga au kulitikisa pipa, inaganda mbele ya macho yako. Kuiyeyusha: weka mtungi ndani ya beseni la maji ya nyuzi 40 hadi 50, kifuniko kimelegezwa kidogo, subiri. Kwa pipa zima tumia chumba chenye joto au mkanda wa umeme wa kuzungushia pipa. Moto wa jiko au tochi ya gesi, hapana kabisa. Baada ya kuchota funga mara moja kwa kuwa inavuta unyevu hewani.

Na huo unyevu ndio utakaokusaidia kumjua mteja. Mtu wa poliyurethani anaogopa maji kuliko anavyoogopa bei. BDO kwake ni ya kurefusha minyororo ya plastiki: anaichanganya na isosayaneti, kemikali inayoungana nayo kuwa poliyurethani, kwa uzani uliohesabiwa, na maji kidogo yakiingia, isosayaneti inayala na kutoa hewa ya ukaa. Gurudumu linatoka na vipovu kama mkate. Kwa hiyo mtu wa Kariobangi swali lake la kwanza litakuwa "unyevu ni asilimia ngapi?" na la pili "cheti cha uchambuzi cha bechi hii kiko wapi?". Mwulize wewe anaiyeyusha vipi, anatumia isosayaneti gani, kwa kila kilo 100 za prepolima (mchanganyiko wa poliyurethani ulioungana nusu) anatia BDO kiasi gani. Atakujibu bila kuvuta pumzi, tena atakuonyesha picha za kalibu zake. Nenda ukaione karakana. Kutoka River Road ni mwendo mfupi tu.

Anayetaka kuinywa au kuiuza inywewe ana maswali mengine. Ni safi asilimia 99? Ina harufu? Ina ladha? Imetiwa kitu cha uchungu? Hataki risiti, hataki karatasi ya usalama, hataki lebo. Leo lita 1, baada ya siku nne lita 1 tena, na anatuma bodaboda. Anayekuomba umtilie kwenye chupa ya maji ya kunywa, mazungumzo yaishe hapohapo, hata akiwa na karatasi zote.

MkemiaWaRangi

Poli amemaliza upande wa mteja. Mimi nina hofu nyingine kubwa zaidi kwa duka lako, nayo ni glisirini na propilini glaikoli uliyosema unauza.

BDO, glisirini na propilini glaikoli zikiwa kwenye mitungi ya plastiki isiyo na lebo zinafanana: maji mazito, safi, karibu bila harufu. Mama anayetengeneza losheni, au mtu wa keki anayenunua glisirini, akichotewa kutoka mtungi usio wake, umemlisha mtu GHB bila yeyote kukusudia. Hili si la kubuni. Mwaka 2007 kulikuwa na vishanga vya kuchezea watoto, Australia viliitwa Bindeez na Marekani Aqua Dots. Gundi yake ilipaswa kuwa na 1,5-pentanedioli, isiyo na madhara hayo. Mtengenezaji akaweka 1,4-butanedioli iliyokuwa rahisi kwa bei. Watoto wakavimeza, wakazimia, wakalazwa, na mamilioni ya vifurushi yakaondolewa madukani Novemba mwaka huo. Majina mawili yanayokaribiana hivyo.

Kwa hiyo ukileta BDO: chumba chake, kufuli yake, pampu yake na jagi lake, visitoke humo. Kila chombo kiandikwe jina kamili na nambari ya CAS, ile ya kimataifa ya kutambulisha kemikali: 110-63-4. GBL ni 96-48-0. Msambazaji akikuletea pipa lenye jina la biashara tu, dai nambari hiyo kwenye hati kabla ya kupokea. Usifungashe upya kwenye ujazo mdogo, uza mtungi wa kilo 25 ukiwa na lakiri ya msambazaji. Hiyo peke yake itawaondoa wale wa lita mojamoja.

Na ukiwa na mtungi wa glisirini unaoutilia shaka, pima mililita 100 kwenye mizani ya gramu. Glisirini safi itakaribia gramu 126. Ikija 102 au 104, hiyo si glisirini. Itenge, usiiuze, usiionje, peleka sampuli maabara. Mizani haikwambii ni nini, inakwambia tu kwamba lebo imedanganya.

Daftari nalo: jina la kampuni, PIN ya KRA, nakala ya kitambulisho cha aliyechukua, kazi inayokwenda kufanyiwa, kilo, nambari ya bechi, malipo kwa akaunti ya kampuni na si ya mtu. Iandikie Bodi ya Famasia na Sumu uulize masharti ya kuiweka kabla pipa halijaingia, uhifadhi jibu. Na wale watatu ukiona wanarudi au wanazunguka maduka ya jirani, DCI, polisi wa upelelezi, wana laini ya bure 0800 722 203, huhitaji kutaja jina lako. Waambie pia majirani zako wa kaunta. Ndiyo dawa ya lile "duka la pili".

Dada_Eastlands

Samahani naingilia. Kuna mtu wa nyumbani anatumia kitu kama hiki, hana lebo, anachota kila baada ya saa mbili tatu hata usiku. Sasa familia imesema imfungie ndani siku saba bila kumpa, imtoke. Ni sawa?

Nesi_wa_Zamu

Hapana dada, msimfungie. Naomba uwasomee hii leo.

Anayekunywa mchana na usiku kila baada ya saa chache, mwili wake umeshazoea. Akikatizwa ghafla, ndani ya saa chache tu anaanza kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, usingizi kukataa. Siku ya kwanza au ya pili anaweza kuona na kusikia visivyokuwepo, kupigana na watu, kupata degedege, joto kupanda. Inafanana na ile ya mlevi sugu aliyeachishwa pombe, ila hii inakuja haraka zaidi na inaweza kudumu hadi wiki mbili. Watu hufa humo, na mlango uliofungwa kwa nje unamnyima msaada.

Aachishwe hospitalini. Hupewa dawa za kundi la diazepamu kwa viwango vikubwa kuliko vilivyozoeleka, wakati mwingine na baklofeni, akiangaliwa pumzi muda wote. Dawa hizo msizinunue mkampa nyumbani: kama bado ana ile kemikali mwilini, viwili hivyo kwa pamoja vinazima pumzi.

Leo, kabla ya chochote: mpigie NACADA, mamlaka ya kupambana na uraibu, 1192, ni bure, saa zote. Hospitali ya Mathari wana kitengo cha uraibu. Akiwa tayari anatetemeka au anaongea na ukuta, msipitie kwa simu, nendeni moja kwa moja kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu. Mpeleke na chupa yake, hata ikiwa imebaki matone. Mwambie daktari: ananywa mara ngapi kwa siku, mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, na kama anachanganya na pombe au vidonge. Mpaka mfike, asimwagiwe chupa kwa hasira; na usiku asilale peke yake, alale ubavu, mtu awe macho chumbani.

Ukishafika niandikie hapa, hata ikiwa saa nane za usiku.

Dada_Eastlands

Tunatafuta gari sasa hivi. Chupa nimeifunga kwenye mfuko.